Istanbul kufuata mzigo: pesa haiibiwi, inavuja (uzi wa wanaokwenda mara ya kwanza)

Mchangani_Jumla

Assalaam alaykum wana jukwaa. Kila Ramadhani ikikaribia simu yangu inajaa swali lile lile: "Nakwenda Uturuki kufuata nguo za Idi, nipe maelekezo." Kumjibu mmoja mmoja kumenichosha, kwa hiyo nayamwaga yote hapa, na mwenye lake aongeze.

Naanza na msimamo wangu. Istanbul ni mji wa watu zaidi ya milioni 15 na vibaka hawakosekani, lakini mfanyabiashara wa Unguja au Pemba ni nadra kupoteza mtaji kwa kuporwa. Mtaji unavuja. Unavuja unapobadilisha dola uwanja wa ndege, unavuja kwenye teksi, kwenye mashine ya kutolea pesa, kwenye kilo za kargo, na kwa yule ndugu aliyekutolea salamu nzuri nje ya msikiti. Unarudi nyumbani, unapiga hesabu, hakuna aliyekuibia na faida huioni. Ndiyo maana nitasema zaidi ya matundu kuliko ya wezi.

La kwanza ni lira yenyewe. Mwanzoni mwa 2021 dola moja ilikuwa lira saba na kitu. Mwaka 2025 ikapita 40. Oktoba 2022 mfumuko wa bei kule ulifika asilimia 85. Kwa hiyo bei yoyote ya lira utakayoikuta kwenye uzi wa zamani itupe, na mimi kwa makusudi sitataja hata moja hapa. Pia usibadilishe dola zako zote siku unayofika. Badilisha ya chakula na nauli za siku mbili tatu, ikiisha badilisha nyengine. Mzigo wa jumla Laleli, mtaa wa maduka ya nguo za jumla, wenyewe wanautajia bei kwa dola. Ukigeuza dola kuwa lira, halafu muuzaji azihesabu tena kwa dola, umekatwa mara mbili kwa pesa moja.

Uwanjani badilisha kidogo tu, ya kukufikisha hotelini. Maduka ya kubadilishia fedha yenye bei nzuri ni yale ya karibu na Kapalıçarşı, soko kubwa lile lililoezekwa, kwa sababu yamepangana mlango kwa mlango na yanagombania wateja. Yameandikwa Döviz, yaani fedha za kigeni. Ubaoni kuna safu mbili: Alış ndiyo bei wanayonunulia, Satış wanayouzia. Wewe unauza dola, kwa hiyo yako ni Alış. Tizama pengo la hizo mbili. Likiwa kubwa, toka nenda la pili, wala usione haya.

Noti zichukue benki hapa nyumbani, safi, zisiwe na mwandiko, mhuri wala mchano, na risiti ya benki kaa nayo. Mwisho wa 2024 dola bandia za 50 na 100 zilisambaa Uturuki hata baadhi ya maduka ya fedha yakawa yanazikataa, na tangu hapo wamekuwa na macho makali. Kama unabeba dola 10,000 au zaidi, zitangaze forodha kabla ya kuondoka. Watu wanaficha wakidhani kutangaza ni kulipa kodi. Ni kujaza fomu tu. Hasara iko kwa anayekutwa nazo hajazisema.

Kutoka uwanjani. Uwanja mkubwa uliofunguliwa rasmi 2018 uko mbali, kaskazini ya mji upande wa Ulaya, na teksi hadi Laleli ni safari ndefu ya kuitizama mita ikipanda. Unapokwenda mabegi yako matupu, basi panda metro. Mstari wa M11 unakutoa uwanjani hadi Gayrettepe, pale unahamia M2, unashuka Vezneciler. Ukipanda juu tu umefika, Laleli na Beyazıt zote za kutembea kwa miguu. Kurudi na mizigo ni jambo jengine, hapo kodi gari na bei mkubaliane kabla begi halijaingia.

Nunua Istanbulkart kwenye mashine pale pale uwanjani. Kadi hiyo moja inakupandisha metro, tramu, basi, boti za kuvukia upande wa Asia, na ile treni ya Marmaray inayopita chini ya bahari tangu 2013. Na hapa Marmaray pana tundu ambalo wageni wengi hawalijui: ukiingia inakata nauli ya safari nzima, kutoka mwisho hadi mwisho. Ukishuka njiani, kuna mashine ndogo imeandikwa İade. Gusisha kadi, inakurudishia ya ziada. Wengi wanapita nayo mbali wakidhani ni mapambo.

Teksi za rangi ya njano ndizo za kawaida, za rangi ya feruzi zina bei juu zaidi, nyeusi ndizo ghali. Zote zina mita. Dereva akikwambia usiku una bei yake, hiyo ni hadithi, bei ya usiku Istanbul ilishafutwa zamani. Ila nauli ya kuvuka daraja la kulipia ni ya abiria, usigombane naye kwa hilo. Unapolipa, taja noti kwa sauti: "Mia mbili hii." Mia mbili ndiyo noti kubwa yao, na mchezo wa zamani ni dereva kuipitisha chini akainua ya ishirini: "Umenipa ishirini." Ukishaitaja mchezo haumnogei.

Nitaendelea na kargo nikipata nafasi. Karibuni.

bint_Kiponda

Ahsante kaka, Mwenyezi Mungu akulipe. Mie nakwenda kwa mara ya kwanza, na peke yangu. Nataka mitandio na magauni ya Idi. Mama yangu hali wala halali kwa wasiwasi. Hivi mwanamke peke yake kule inakuwaje? Na pesa naweka wapi, maana kibindoni kwenye gauni la siku hizi hakuna.

Mama_Mitandio

Mwanangu, mwambie mama yako apumzike. Wanawake wa Kizanzibari wanakwenda kule peke yao na wanarudi salama. Tena buibui na mtandio wako hapana atakayekutizama mara mbili, mtaa wa Fatih umejaa waliovaa hivyo hivyo.

Chukua hoteli Laleli au Beyazıt, karibu na kituo cha tramu, isiwe kichochoro cha nyuma. Siku ya kwanza omba kadi ya hoteli yenye anuani kwa Kituruki, iweke kwenye mkoba, ukipotea unamwonesha mtu. Mchana Laleli imechangamka kwelikweli, lakini ikifika saa mbili tatu usiku maduka ya jumla yameshafunga, na vichochoro vya huku Aksaray havina haja ya kwenda. Maliza, rudi, kula, lala. Hukwenda kutembea.

Pesa igawe. Ya siku ile kwenye pochi, ya mzigo kwenye mkanda wa kiunoni ndani ya nguo, iliyobaki kwenye kisanduku cha chumbani kama kipo na kinafunga sawasawa. Na usihesabu dola dukani mbele ya watu. Tia kwenye bahasha ya mzigo huu na mzigo ule tangu chumbani, ukifika unatoa bahasha.

Tramu ya T1 ndiyo utakayoipenda kwa sababu inapita kote, Aksaray, Laleli, Beyazıt, Sultanahmet, hadi Eminönü. Vidole vyepesi navyo vinaipenda. Mkoba mbele, zipu ndani, na usisimame mlangoni.

Sasa nikwambie la dhahabu, kwa sababu najua utapita Kapalıçarşı na roho itakuponza. Sisi hapa tumezoea dhahabu nzito, ya 21 na 22. Kule vito vingi vya vioo vya mbele ni vya karati 14, wao wanaita ayar. Vinang'ara, ni dhahabu kweli, lakini dhahabu yenyewe ndani yake ni asilimia 58 na nusu tu. Tizama muhuri: 585 ni ya 14, 916 ni ya 22. Bangili nyingi nzito ni 916. Uliza bei ya gramu ya siku hiyo, pima mbele ya macho yako, kisha uliza işçilik, yaani ufundi. Ya gramu haina mazungumzo, ya ufundi ndiyo ya kuvutana. Akikutajia bei moja nzima bila kupima, rudisha mwambie shukrani.

Mpemba_wa_Chake

Mada nzuri, ila hapo kwenye dola taslimu mie nnapinga. Mwaka gani huu mtu anazunguka na mtaji mzima kiunoni? Benki zetu zina kadi za Visa, unalipa, unatoa mashineni, ukiibiwa unaifunga. Dola ikienda imekwenda.

Mchangani_Jumla

Hoja yako ina maana kwa nusu. Kadi beba, tena mbili za akaunti tofauti, moja ibaki hotelini. Lakini Laleli duka nyingi za jumla ukitoa kadi bei inabadilika, au anakwambia kadi hapana. Bei ya dola mkononi ni nyengine. Kadi iwe ya hoteli, ya chakula, na ya dharura.

Na kwenye kadi ndipo penye tundu kubwa kuliko yote niliyoyataja, nilikuwa nalihifadhi. Ukitia kadi kwenye mashine ya kutolea pesa, au muuzaji akikupa kimashine, inakuuliza: unataka ukatwe kwa lira au kwa shilingi yako (au dola)? Shilingi unaijua, moyo unakuvuta huko. Kataa. Daima chagua lira. Ukichagua ya kwenu, yule mwenye mashine ndiye anayejipangia bei ya kubadilisha, na hakupangii kwa huruma. Ukichagua lira, hesabu inafanywa na mtandao wa kadi na benki yako. Wengine wanaandika maneno ya kukutisha, "endelea bila ubadilishaji uliohakikishwa". Endelea bila.

Mashine tumia zilizo kwenye ukuta wa benki, saa za kazi. Zile zinazojisimamia peke yake kwenye mitaa ya watalii makato yake makubwa, na kadi ikimezwa huna pa kugonga mlango. Kabla ya kusafiri pita benki yako uwaambie unakwenda Uturuki, uliza kwa siku unaweza kutoa kiasi gani na kila kutoa kunakatwa ngapi. Ukijua makato ni ya kila mara, utatoa mara chache kwa kiasi kikubwa.

Baharia_Mstaafu

Nyinyi vijana mnajitafutia tabu. Dubai iko pale. Dirhamu tangu 1997 imefungwa kwenye dola, 3.6725, ukilala ukiamka ni ile ile. Deira unakuta Mswahili kila kona, abra ya kuvukia mfereji nauli yake sarafu. Huko Istanbul mnakwenda kujifunza alış na satış uzeeni.

Mama_Mitandio

Mzee wangu, shikamoo. Dubai tunaipenda, lakini nguo nyingi za Deira zimetoka huko huko Uturuki na China. Tunakwenda kwenye chungu. Halafu kule Istanbul napiga simu ya WhatsApp kwa wajukuu bila tabu, Dubai simu hiyo haipigi. Na saa yao ni sawa na yetu, hakuna kumwamsha mtu usiku.

Baharia_Mstaafu

Marahaba. La simu umenipata.

kijana_wa_Vuga

Naongeza la watu wanaosalimia, maana Mchangani kaligusa akapita. Sisi tukisikia adhana na tukiona misikiti ile mikubwa roho inatulia, tunajiona tumefika kwa ndugu. Na Waturuki wengi ni wakarimu kweli, utakunywa chai nyingi za bure kwa watu wema. Tapeli naye anajua hivyo. Anakuja na salamu kamili.

Eneo la Sultanahmet atakukuta mtu mmaridadi: "Assalaam alaykum ndugu yangu, unatoka Afrika? Msikiti umefungwa sasa hivi kwa swala, njoo tupite huku nikuoneshe." Hataki pesa, hauzi kitu. Mwisho wa njia kuna duka la mazulia la mjomba wake na chai imeshamiminwa. Hawakulazimishi, lakini kutoka pale mikono mitupu kunahitaji uso mkavu. Saa za swala za msikiti wasikwambie wao, nenda mlangoni mwenyewe.

Mwengine ni mng'arishaji viatu. Anapita mbele yako, brashi inaanguka. Wewe kwa malezi yako unaiokota unamwita. Anashukuru mpaka basi, anang'ang'ania akung'arishie viatu kwa shukrani, na akimaliza anakutajia bei, na watoto wake wagonjwa. Mwache aiokote mwenyewe. Hiyo brashi haijaanguka.

La tatu, hili la wanaume, na najua hamtaandika hapa mkikutwa nalo. Taksim na barabara ya İstiklal usiku, rafiki mpya, "twende mahali tukae tuzungumze". Mnaingia, kinakuja kinywaji, wanakuja na wasichana wa kukaa nanyi, kisha bili inayolingana na tiketi ya ndege, na mabaunsa wawili wanaokusindikiza hadi kwenye mashine ya pesa. Hata ukinywa soda. Rafiki mpya akichagua yeye mahali, wewe chagua kulala.

Na kwenye mikahawa ya kawaida: bei zisome kabla ya kukaa, zikiwa hazijaandikwa popote endelea mbele. Vile visahani vinavyotua mezani kabla hujaagiza uliza kama ni bure. Zitafute lokanta, zile wanazokula wafanyakazi wa madukani, chakula kiko kwenye masinia ya moto unanyoosha kidole, wali maharage upo, mchuzi upo.

Mpemba_wa_Chake

Na askari? Nimesikia Waafrika wanasimamishwa sana.

kijana_wa_Vuga

Wanasimamishwa, hasa Aksaray, Laleli na Kumkapı. Tangu Julai 2023 kuna magari ya uhamiaji yanayokaa mitaani kukagua karatasi za wageni. Hiyo ni kazi yao, haina haja ya kuogopa wala kubishana. Tembea na pasipoti yenyewe na viza, si picha tu kwenye simu, na picha pia uwe nayo mahali pengine. Ukikaa ndani ya siku zako za viza, ni dakika chache unapita.

Shida ni askari bandia. Huyo havai sare, anakuonesha kitambulisho haraka haraka, anasema anatafuta dola bandia na anataka kuona pochi. Askari wa kweli anataka pasipoti. Anayetaka kuhesabu pesa zako, mwambie twende karakol, yaani kituoni, au toa simu piga 112, nambari moja ya polisi, zimamoto na gari la wagonjwa. Simama penye watu, ingia duka la karibu. Kituo cha polisi wa watalii kiko Sultanahmet, mkabala na Ayasofya, ule msikiti mkongwe maarufu. Na mjue ubalozi wetu uko Ankara, hauko Istanbul, kwa hiyo pasipoti ikipotea unaongeza safari.

Mchangani_Jumla

Nimerudi na kargo kama nilivyoahidi. Hapa mkae vizuri.

Kwanza ununuzi wenyewe. Laleli haiuzi kipande kimoja. Inauza kwa seri, yaani pakiti ya saizi zote za mtindo mmoja na rangi moja, nne au tano au sita. Huwezi kusema nipe kubwa tu. Sasa saizi za Kituruki ni ndogo kwa miili ya mama zetu, na ukirudi na seri za kawaida zile ndogo zitakukalia dukani mpaka Idi ya pili. Uliza maduka ya battal, hao wanashona kuanzia saizi kubwa tu. Laleli ilikua miaka ya tisini kwa wafanyabiashara wa masanduku kutoka nchi za iliyokuwa Urusi ya Kisovieti, ndiyo maana vibao vingi vya Kirusi, lakini wauzaji wengi wanajua Kiarabu na Kiingereza cha biashara. Osmanbey vitu vya juu zaidi na bei juu zaidi. Merter pia pana jumla, kama una siku ya ziada.

Kila duka likupe fatura, yaani karatasi ya mauzo, hata kama mzigo mdogo. Andika nyuma yake umelipa ngapi, kimebaki kingapi, nambari ya duka na orofa. Majengo yale yanafanana. Mzigo wa kuagiza usilipe wote mbele, toa arubuni, na kabla ya kumalizia fungua pakiti mbili tatu utakazochagua wewe, zisiwe za juu.

Sasa kilo. Kargo ya ndege hailipishwi uzito peke yake, inalipishwa nafasi. Wanapima boksi kwa sentimita, urefu mara upana mara kimo, wanagawa kwa 6000. Jibu likizidi uzito wa mizani, unalipa jibu. Mfano boksi la 60 kwa 40 kwa 40: ni 96,000, ukigawa unapata kilo 16. Umejaza makoti mepesi, mizani inasema kilo tisa, wewe unalipa 16. Kwa hiyo mitandio na magauni mazito hayana neno, lakini makoti, mito na mablanketi yenye pamba yanakula faida. Tafuta mifuko ya kunyonya hewa, au changanya kizito na chepesi boksi moja. Pima hotelini kabla hujakwenda kwao, piga picha mzigo ukiwa wazi, andika jina pande zote, na bei ya kilo mliyokubaliana iandikwe kwenye risiti, pamoja na nani anayelipia forodha huku. Hilo la mwisho ndilo linalowagombanisha watu Malindi kila siku.

Na usibebe kifurushi cha mtu. Hata akiwa jirani, hata akisema ni dawa za mama yake. Begi lenye jina lako ni lako, na dawa ndani yake ni zako.

bint_Kiponda

Kaka hapo kwenye mahesabu nimesoma mara tatu lakini nimefahamu. Swali: kuna mwenzetu anaishi kule, kasema atanipokea na kunizungusha madukani bure. Nikubali?

Mchangani_Jumla

Bure hakuna dada'ngu. Mgeni njoo mwenyeji apone. Anakupeleka duka la rafiki yake, na kwenye kila seri kuna chake. Tundu jengine hilo.

Mama_Mitandio

Hapo umekuwa mkali mno mwanangu. Mtu anayejua lugha, anayekuokolea siku nzima ya kupotea, naye anakula nauli yake. Ubaya si yeye kupata chake, ubaya ni wewe kutojua ni kiasi gani. Mwambie mbele: nitakulipa kiasi hiki kwa siku, na bei nataka ya duka. Halafu, bint Kiponda, asubuhi ya kwanza zunguka peke yako, uliza bei za mitandio kwenye maduka mengi, usinunue kitu. Mchana ndipo umwite. Bei utakazosikia ukiwa naye na zile za asubuhi zitakwambia ni mwenyeji wa aina gani.

Mchangani_Jumla

Kwa namna hiyo sawa, nimekubali. Ila asubuhi hiyo asimwambie.

Mama_Mitandio

Hata mimi sijasema amwambie.

Mpemba_wa_Chake

Na ziara? Mtu afike Istanbul arudi hajaswali Ayasofya, Chake hawatamwelewa.

kijana_wa_Vuga

Aende. Ilirudi kuwa msikiti Julai 2020. Tangu Januari 2024 mtalii anayetaka kupanda ghorofa ya juu analipa euro 25, na foleni yake ni ya peke yake. Anayekwenda kuswali anaingia mlango wa waswali, chini, halipi kitu. Nenda wakati wa swala, umetawadha tangu hotelini. Msikiti wa Sultan Ahmed mbele yake hauna kiingilio kwa yeyote, anayekuuzia tiketi ya pale mcheke. Na ukitaka kuona mji kwa bei ya nauli, panda boti ya abiria Eminönü kwenda Üsküdar au Kadıköy kwa ile ile Istanbulkart. Wale wanaoita "Bosphorus, Bosphorus" ufukweni wana bei yao.

Laini ya simu usinunue uwanjani, mjini ni nafuu, wanataka pasipoti. Simu yako ya nje inafanya kazi siku 120 bila kusajiliwa, kwa safari ya mzigo zinatosha na kubaki.

bint_Kiponda

Nashukuruni nyote, mama pia kasoma na kanyamaza, dalili njema. Tiketi niliyoishika inaniingiza Jumamosi usiku na kunirudisha Jumanne alfajiri. Inatosha?

Mama_Mitandio

Haitoshi hata kidogo. Jumapili Kapalıçarşı imefungwa na Laleli karibu yote imefungwa. Utabakiwa na Jumatatu peke yake, na mtu mwenye siku moja analipa bei anayoambiwa. Sogeza uingie Jumapili usiku, utoke Ijumaa au Jumamosi. Fanya leo, kabla nauli haijapanda.

bint_Kiponda

Nimepiga simu, wamesogeza, nimeongeza pesa kidogo. Naondoka na mabegi mawili matupu, moja ndani ya jengine.

Mchangani_Jumla

Vizuri. Tia na plagi ya kugeuzia, kwao ni miguu miwili ya mviringo, chaja yako ya miguu mitatu haiingii. Darajani zipo, hotelini watakuuzia kwa bei mara tatu.